Dawa ya uvimbe wa mgongo si dawa ya uvimbe wa utumbo

KATIKA eneo la majani chai la Kericho na Bomet, maumivu ya mgongo huchukuliwa na wengi kuwa sehemu ya kazi. Mchumaji hushinda ameinama juu ya mimea ya chai, kikapu kikizidi kuwa kizito mgongoni, na jioni hupitia duka la dawa kununua tembe mbili tatu za kumwezesha kurudi shambani kesho yake.

Tembe hizo mara nyingi huwa ni ibuprofeni, ambayo watu wengi huiita Brufen hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, au diklofenaki. Zote mbili ni dawa za kupunguza uvimbe na maumivu, na kwa mgongo au goti lililoteguka hufanya kazi yake vyema.

Hata hivyo, kwenye kaunta hiyo hiyo huenda akasimama mgonjwa wa aina nyingine. Huyu ameharisha damu kwa miezi kadhaa, amepungua uzito, na baada ya kuzunguka kutoka zahanati moja hadi nyingine ameambiwa na daktari kwamba utumbo wake una uvimbe. Naye pia anahitaji dawa ya kupunguza uvimbe.

Jina ni moja, lakini dawa si moja. Ile inayomfaa mwenye maumivu ya mgongo yaweza kuuamsha upya ugonjwa wa utumbo uliokuwa umetulia, na ni nadra mgonjwa kuelezwa tofauti hiyo anapokabidhiwa karatasi yake ya dawa.

Neno uvimbe lenyewe lina mtego. Katika kaunti ya Bomet, ambako Hospitali ya Tenwek imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa wa saratani ya umio, mtu akiambiwa ana uvimbe tumboni huenda akadhani ametangaziwa saratani. Uvimbe unaozungumziwa hapa si donge. Ni hali ya utando wa ndani wa utumbo kuwa mwekundu, kufura, kuchubuka na kutoa damu kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia bila kukoma, ingawa hakuna adui anayeonekana.

Magonjwa makuu ya aina hii ni mawili. La kwanza ni vidonda vya utumbo mpana, ambalo huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Dalili yake kuu ni kuharisha damu na kamasi, na haja inayobana ghafla. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1932. Huu waweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, lakini hupendelea mwisho wa utumbo mwembamba, na humletea mgonjwa maumivu makali, homa, kukonda na wakati mwingine majipu au utumbo kuziba.

Magonjwa haya yasichanganywe na vile vinavyoitwa vidonda vya tumbo, ambavyo hutokea kwenye mfuko wa chakula na mara nyingi husababishwa na bakteria. Dawa za kupunguza asidi zinazotibu vidonda hivyo haziwezi kuutibu utumbo mpana.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba Mwafrika hapati magonjwa haya. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960, alisambaza duniani kote hoja kwamba maradhi mengi ya utumbo yanayosumbua nchi za Magharibi ni adimu katika vijiji vya Afrika, na sababu aliyoitoa ni vyakula vyenye makapi mengi.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli wake. Lakini ilipogeuzwa kuwa kanuni ilizaa mazoea mabaya, kwani ugonjwa usiotarajiwa hautafutwi. Mtu anayeharisha damu Sotik au Litein hupimwa choo, huambiwa ana amiba au homa ya matumbo, hupewa metronidazoli, hupata nafuu kidogo na kurudi baada ya mwezi mmoja na malalamiko yale yale.

Ni kweli kwamba kuhara damu kwingi katika eneo hili husababishwa na vijidudu, na daktari hakosei kuanza na hivyo. Lakini kuhara kwa vijidudu kwa kawaida huisha katika siku chache au wiki mbili. Damu inayoendelea kuonekana baada ya wiki nne, au haja inayomwamsha mtu usiku, huhitaji maelezo mengine.

Kwa mchumaji, dalili hizo zina gharama ya pekee. Hulipwa kwa kilo alizochuma. Mtu anayelazimika kwenda haja mara kumi kwa siku, huku choo kikiwa mbali mwishoni mwa safu, hupoteza pesa kila anapoweka kikapu chini, na si wengi watakaothubutu kumweleza msimamizi sababu.

<b>Viungo navyo huuma</b>

Jambo linaloufanya mchanganyiko wa dawa kuwa hatari zaidi ni kwamba magonjwa haya ya utumbo hayakai tumboni pekee. Wagonjwa wengi huumwa magoti, vifundo vya miguu, viganja na mgongo wa chini. Baadhi yao hupata wekundu wa macho, vidonda vya kinywani au mabaka yenye maumivu kwenye miguu.

Hivyo basi, mgonjwa ambaye bado hajajua anaugua nini huanza kwa kutibu magoti. Hununua diklofenaki, maumivu hupungua, na baada ya siku chache tumbo huchafuka zaidi. Hafikirii kuviunganisha viwili hivyo, kwa sababu kazi ya kuchuma chai yatosha kabisa kueleza maumivu ya magoti.

Sababu ya madhara hayo inafahamika. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Ugunduzi huo ulimwezesha kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Prostaglandini huleta maumivu na uvimbe kwenye kiungo kilichoumia. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na utumbo, kwa kuufanya utoe ute, upate damu ya kutosha na ujirekebishe unapochubuka. Dawa inayozizuia mgotini huzizuia pia tumboni. Ndiyo maana hata mtu asiye na ugonjwa wowote wa utumbo anaweza kupata vidonda na kutokwa damu akizitumia kwa muda mrefu, na vidonda hivyo huweza kushuka hadi utumbo mwembamba vikafanana na ugonjwa wa Crohn.

Si kila mgonjwa wa utumbo huzidiwa anapomeza tembe hizi, na utafiti kuhusu suala hili umetoa majibu yanayotofautiana. Hata hivyo, ushauri wa kawaida wa madaktari ni kuziepuka, na kutumia parasetamoli kwa maumivu na homa. Sindano ya diklofenaki haikwepi tatizo, kwani dawa hiyo hufika kwenye utumbo kupitia damu. Pia kuna tembe za kutuliza maumivu zinazouzwa hata vibandani ambazo zimechanganywa na aspirini, na mnunuzi hawezi kulijua hilo asiposoma maandishi madogo kwenye pakiti.

<b>Dawa iliyotokea kwenye baridi yabisi</b>

Ajabu ni kwamba dawa ya kwanza iliyofaulu kutuliza uvimbe wa utumbo ilibuniwa kwa ajili ya viungo. Nanna Svartz, daktari wa Sweden, alikuwa akitafuta tiba ya baridi yabisi mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo wengi walidhani ugonjwa huo unaletwa na bakteria, kwa hiyo akashirikiana na kampuni moja ya dawa kuunganisha dawa ya salfa, ya kuua bakteria, na dawa ya jamii ya aspirini, ya kutuliza uvimbe.

Zao lao lilikuja kuitwa salfasalazini. Baadhi ya wagonjwa wa viungo walinufaika, lakini waliokuwa na vidonda vya utumbo mpana walinufaika zaidi. Dawa hiyo ingali inatumika hadi leo, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa mgonjwa anayeumwa utumbo na magoti kwa pamoja, bado huweza kumsaidia kotekote.

Utendaji wake ni mithili ya kifurushi kilichopakiwa kwenye matatu Nairobi na kufunguliwa Bomet pekee. Sehemu zake mbili hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba zikiwa zingali zimefungamana kwa kiasi kikubwa. Zinapofika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huzitenganisha.

Ni sehemu ipi kati ya hizo mbili inayoponya? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1977, miongo kadhaa baadaye. Azad Khan, daktari kutoka Bangladesh aliyekuwa Oxford, pamoja na wenzake, waliwapa wagonjwa dawa kupitia njia ya haja kubwa, wengine salfasalazini nzima, wengine salfa peke yake, na wengine ile sehemu ya jamii ya aspirini. Waliopewa salfa peke yake ndio ambao hawakunufaika ipasavyo.

Sehemu iliyofanya kazi leo huitwa mesalazini. Ingawa ni ya ukoo wa aspirini, haitendi kama aspirini, kwani hufanya kazi yake hasa kwenye ngozi ya ndani ya utumbo inapoigusa, na haileti madhara yale ya diklofenaki. Aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, aliyejiuzulu mwaka 2007 kwa sababu ya vidonda vya utumbo mpana, alisema hadharani kwamba dawa mpya ya aina hii ilimwezesha kurudi madarakani mwaka 2012. Ugonjwa ulipomrudia alijiuzulu tena mwaka 2020.

Mesalazini hupatikana kama tembe, kama dawa ya maji ya kupitishwa njia ya haja kubwa, na kama vidonge vya kuingizwa huko huko. Wengi huona haya kutumia aina hizo mbili za mwisho, na ni hasara kwao, kwa sababu ugonjwa ukiwa umeshika sehemu ya chini pekee, dawa inayowekwa pale pale mara nyingi hushinda inayomezwa. Tembe zake zisitafunwe wala kusagwa, kwani ganda lake ndilo linaloiwezesha dawa kufika inakotakiwa. Kwa ugonjwa wa Crohn manufaa yake ni madogo.

Salfasalazini ni nafuu kwa bei lakini ina masharti zaidi. Mtu aliyewahi kudhuriwa na dawa za salfa kama Septrin au Fansidar, ambayo wakazi wa umri mkubwa wa Kericho wanaikumbuka kutoka nyakati za milipuko ya malaria ya nyanda za juu, asiimeze kabla ya kumweleza daktari. Huweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya kichwa, kuugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na kupunguza mbegu za kiume kwa muda, hali inayorejea kawaida dawa ikiachwa. Damu hupimwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Mwanamke anayepata mimba asiache dawa hizi kwa hofu. Salfasalazini, ikiandamana na foliki asidi, na mesalazini zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi, ilhali ugonjwa ukilipuka wakati wa ujauzito humhatarisha mama na mtoto.

<b>Steroidi: mwokozi mwenye masharti</b>

Ugonjwa unapokuwa mkali, dawa hizo hazitoshi. Hapo hutumiwa steroidi, ambazo hushusha kinga ya mwili mzima. Mwaka 1955 madaktari Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walitoa ripoti kamili ya jaribio lililohusisha wagonjwa 210, ambapo waliopewa kotisoni walipona kwa wingi zaidi na kufa kwa uchache kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa.

Inayotumika zaidi sasa ni prednisoloni, ambayo hupatikana kwa urahisi na kwa bei ya chini. Urahisi huo ndio tatizo lake. Mgonjwa aliyewahi kupata nafuu kwa siku chache hujua jina lake, na anaporudiwa na dalili huenda mwenyewe kuinunua.

Kuna mambo ambayo ni lazima yachunguzwe kabla ya tembe ya kwanza kumezwa, na katika eneo kama Kericho na Bomet uchunguzi huo ni suala la kufa na kupona. La kwanza ni amiba. Vidonda vyake huweza kufanana kabisa na vya ugonjwa wa kinga, na mgonjwa wa amiba akipewa steroidi utumbo wake waweza kutoboka.

La pili ni kifua kikuu. Watu wengi hukijua kama ugonjwa wa mapafu, lakini hushika utumbo pia, na hupenda mahali pale pale panaposhikwa na ugonjwa wa Crohn, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Hata kwa kamera na kwa kipande cha nyama kilichopelekwa maabara, kuyatofautisha magonjwa haya mawili huwatoa jasho wataalamu. Kenya imo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa mwaka 2021 hadi 2025. Kumpa mgonjwa wa kifua kikuu steroidi peke yake, bila dawa za kukitibu, ni kukifungulia mlango kienee mwilini.

Tatu, kuna mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi, ambaye huingia kupitia ngozi ya mtu anayekanyaga udongo wenye unyevu bila viatu. Anaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Kinga ikishushwa na steroidi, huzaana kupita kiasi na kusambaa hadi kwenye mapafu na kwingineko, na mgonjwa huweza kufa. Tiba yake, ivemektini, ni rahisi iwapo amefikiriwa mapema. Kipimo cha virusi vya Ukimwi nacho ni cha lazima.

Baada ya hayo yote, prednisoloni huanzishwa kwa kawaida kwa miligramu 40 kwa siku, kisha hupunguzwa polepole, mathalan miligramu tano kila wiki. Isikatwe ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza steroidi za mwili wenyewe, hulala usingizi dawa inapoletwa kutoka nje, na mgonjwa anayeiacha siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kushuka shinikizo la damu na kuzimia.

Wala isigeuzwe kuwa dawa ya kila siku ya miaka nenda miaka rudi. Hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, huvimbisha uso na kuvuruga usingizi, na haimzuii mgonjwa kurudiwa na ugonjwa baadaye. Kazi yake ni kuzima moto.

Kwa kuzuia moto usiwake tena zipo dawa nyingine. Azathioprini humezwa kila siku, huchukua takriban miezi mitatu kabla ya kuonyesha nguvu zake, na huhitaji damu kupimwa mara kwa mara kwa sababu huweza kupunguza chembechembe nyeupe. Infliksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, huingizwa kwenye mshipa na imewaepusha wengi na kisu cha mpasuaji, lakini bei yake bado iko mbali na mfuko wa mkulima wa kawaida, na nayo huamsha kifua kikuu kilicholala.

Hakuna kati ya dawa hizi inayopaswa kuanza kwa kukisia. Uchunguzi unaotegemewa ni wa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, pamoja na vipande vya nyama vinavyopimwa maabara. Katika eneo hili Tenwek ina uzoefu mrefu wa kazi ya kamera kwa sababu ya saratani ya umio. Wataalamu waliobobea katika magonjwa ya utumbo, hata hivyo, wengi wako katika miji mikubwa, na kutoka Kericho hadi Nairobi ni karibu kilomita 260. Mgonjwa mwenye bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aulize kabla ya kusafiri ni gharama gani zitakazolipwa na zipi atakazobeba mwenyewe.

Wenye vidonda vya utumbo mpana kwa miaka minane au zaidi huhitaji kuchunguzwa kwa kamera mara kwa mara hata wakijihisi wazima, kwani hatari ya saratani ya utumbo huongezeka kadiri miaka inavyopita.

Anayeenda kuchunguzwa kwa mara ya kwanza aeleze siku dalili zilipoanza, ni mara ngapi huenda haja usiku, na iwapo nyumbani kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Abebe pia pakiti tupu za tembe zote alizonunua kwa ajili ya mgongo na magoti. Daktari anayekuta vidonda kwenye utumbo atataka kwanza kujua kama vimeletwa na ugonjwa au na tembe hizo.